Umealikwa kupanda Alps Februari? Tazama mteremko kwanza

Dada yangu wa Chumbageni, nimekuelewa: shemeji yako aliyeko Innsbruck, Austria, anataka mpande mlima wa Alps Februari, na wewe theluji hujawahi kuikanyaga. Baridi isikuumize kichwa, hiyo dawa yake nguo. Kinachoua ni maporomoko ya theluji.

Mengi huanzia kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45. Theluji iliyoshindiliwa na upepo huwa bamba gumu, nalo hulalia tabaka la chembechembe kama sukari. Ukikanyaga, sukari ile inasagika na bamba zima linateleza nawe juu yake. Ukisikia mvumo mzito chini ya miguu, au ukaona ufa unakimbia mbele yako, geukeni palepale.

Kila asubuhi someni taarifa ya hatari ya maporomoko, ngazi 1 hadi 5, ambapo 5 ndiyo mbaya kabisa. Ikiwa 3 au zaidi, kwa mgeni kama wewe naona msipande kabisa.

Kila mmoja abebe kifaa cha mawimbi ya redio cha kumtafuta aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kuchoma theluji kumgusa alipo na koleo la kumfukulia, tena mfanye mazoezi kabla. Baada ya dakika 10 hivi, uhai wa aliyefukiwa hupungua haraka mno. Helikopta mara nyingi haiwahi. Hata hivyo pigeni 140, namba ya uokoaji milimani Austria.

Tafadhali, mwambie shemeji akodi kiongozi wa milima mwenye leseni.