Picha ya 1973 si CCM Kirumba

Umeandika chini ya picha ya 1973 kwamba hiyo timu ya mtaa iko uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza. Hapana, haiko pale. Uwanja ule ulifunguliwa 1980. Na hata jina lenyewe lisingewezekana, maana chama cha CCM kimezaliwa Februari 5, 1977, vyama vya TANU na ASP vilipoungana. Mwaka 1973 hakukuwa na CCM, sembuse uwanja wake.

Marehemu baba alicheza beki tatu kwenye timu ya mtaani kwetu Mabatini miaka hiyohiyo, na alikuwa akitusimulia kwamba mechi za mashindano zilikuwa uwanja wa Nyamagana, pale katikati ya mji. Wakitoka kazini wanashuka kwa miguu, viatu vimefungwa kamba shingoni ili visichakae njiani. Jezi yake tunayo mpaka leo sandukuni: kitambaa cha marekani, namba 3 imekatwa kwenye kitambaa cheusi na bibi akaishona kwa mkono, ukiigeuza ndani unaona uzi umepita mara mbilimbili. Naithamini kuliko kitu chochote alichotuachia.

Ila wazee wakikuambia "tulicheza Kirumba" usiwabishie haraka. Kirumba ni mtaa, ulikuwepo kabla ya uwanja, na timu zilifanya mazoezi kwenye viwanja vya wazi vya huko. Baba alisema goli lao la mazoezi lilifungwa nyavu kuukuu za sato walizopewa na wavuvi.

Tafadhali, usiifute hiyo picha. Rekebisha maelezo tu.