Usukani usiorudi baada ya kuinua gari

Ndugu yangu, umeeleza kwamba uliinua Suzuki Jimny yako kwa sentimita 5, ukabadilisha springi na shokomzoba nyumbani, na sasa usukani haurudi wenyewe baada ya kona na gari linayumba barabarani. Nakusihi usikimbilie kununua boksi la usukani. Chesisi, yaani fremu ya gari, ilipopanda, mikono miwili inayoshika ekseli ya mbele iliinama na kuizungusha ekseli hiyo kidogo, hivyo ule mwinamo wa kingipini (mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia) kuelekea nyuma, unaoyarudisha magurudumu yanyooke, umepungua. Dawa yake ni bushi (vikombe vya raba vinavyokaa kwenye maungio ya mikono hiyo) zenye tundu lililosogezwa pembeni, ambazo fundi mwenye presi, yaani mashine ya kukandamiza, atazibana kwa kuzingatia upande sahihi, kwa sababu zikigeuzwa tatizo litazidi. Boliti zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo raba itajipinda na kuchanika mapema.

Lakini kabla ya hayo yote, kagua hosi za breki, ile mipira ya mafuta ya breki, kama bado zinafika bila kuvutika. Weka chesisi juu ya stendi imara, kamwe usitegemee jeki peke yake, uache magurudumu yaning'inie, kisha uzungushe usukani hadi mwisho pande zote mbili. Hosi ya gari langu mwenyewe niliikuta imekazika kama kamba ya kuanikia nguo, na raba imeanza kupasuka penye nati. Ukiona hali hiyo, usiliendeshe hadi uweke hosi ndefu na kutoa hewa kwenye breki.