Maswali Yenu: Mashua, Nyangumi na Pomboo

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu safari za mashua za kwenda kuwatazama nyangumi na pomboo. Nimechagua nne. Ya pili imekula nafasi kubwa kuliko zote, na msomaji atakayeisoma ataelewa kwa nini.

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi na mke wangu tulipanda mashua alfajiri baada ya kuahidiwa kwamba tutawaona nyangumi. Tulizunguka kwa muda wa saa nne bila kuona hata ncha ya mkia. Tuliporudi, nahodha alisema tu kwamba bahari ndivyo ilivyo. Je, tulidanganywa?
Aliyerudi mikono mitupu

JIBU: Ndugu yangu, bahari ndivyo ilivyo kweli, kosa la nahodha huyo lilikuwa kuyasema hayo mliporudi badala ya kuyasema kabla hamjapanda. Hakuna mtu awezaye kumwahidi mwenzake nyangumi. Anachoweza kukueleza nahodha anayeijua kazi yake ni nyangumi gani hupita mwezi huo, kama jana na juzi walionekana, na nauli yenu itakuwaje msipomwona yeyote. Hayo huulizwa mtu akiwa bado amesimama ufukoni.

Nyangumi wengi wakubwa ni wasafiri. Nyangumi mwenye nundu, ambaye hutafutwa na mashua nyingi kwa sababu huruka na kuyapiga maji kwa mapezi yake marefu, hula katika bahari za baridi na huzaa katika maji ya joto, na safari yake ya kwenda peke yake huweza kufikia kilomita 8,000. Wale wa kusini mwa Ikweta hushibia karibu na Antaktika wakati wa kiangazi cha huko, kisha hupanda hadi maji ya joto takriban kuanzia Juni au Julai hadi Oktoba. Ukienda kuwatafuta katika maji hayo mwezi wa Februari, unabisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Wapo wakaidi, lakini ni wachache: nyangumi wenye nundu wa Bahari ya Arabia, wanaoonekana katika pwani ya Omani, hawahami na wenzao bali hubaki huko mwaka mzima.

Nyangumi wa ambari, yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba, ni habari nyingine. Kule Kaikoura, New Zealand, korongo lenye kina kirefu chini ya bahari limesogea karibu sana na ufuko, kwa hiyo madume ya nyangumi hao huonekana humo miezi yote. Hata hivyo subira inatakiwa, kwani kila mmoja huzama zaidi ya mita 1,000 na huweza kukaa chini dakika 45 au saa nzima, kisha hubaki juu kwa dakika kumi hivi akirudisha pumzi. Mashua nzuri huteremsha kinasa sauti majini na kusikiliza milio yake ya kugongagonga. Ikikoma, watu wa mashua hujua kwamba anapanda.

Inawezekana pia kwamba walipita nanyi hamkuwaona. Kitu cha kutafuta si mwili wa nyangumi bali pumzi yake, ambayo hupanda kama moshi mweupe na kuyeyuka baada ya sekunde chache. Ya nyangumi mwenye nundu ni fupi na nene kama kichaka. Ya nyangumi wa ambari hulala mbele kuelekea kushoto, kwa maana tundu lake la pua liko upande huo. Upepo ukishaanza kuyavika mawimbi vilemba vyeupe, pumzi hiyo haitofautiki tena na povu. Na mkifika mahali alipozamia, tazameni maji: pigo la mkia huacha duara laini lisilo na viwimbi, kana kwamba mtu amemwaga mafuta, nalo hukaa hapo kwa dakika kadhaa baada ya mwenyewe kuondoka.

SWALI: Mhariri, nilimpeleka mwanangu wa miaka tisa kuogelea na pomboo. Tulipofika, mashua sita zilikuwa zimekwisha kuwazunguka. Nahodha wetu aliongeza kasi, akawakatia njia kwa mbele, kisha akapiga kelele, "Rukeni!" Tuliruka. Pomboo wakazama na kuibuka mbali, tukapandishwa mashuani na kuwafuata tena, na hivyo mara tano. Mwanangu aliniuliza kama walikuwa wakicheza nasi, nami nikamjibu kwamba ndiyo. Je, nilimwambia kweli?
Mama mwenye shaka

JIBU: Dada yangu, kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani. Mnyama anayecheza nawe haondoki mara tano mfululizo.

Inaelekea walikuwa wamelala. Baadhi ya pomboo, hasa wale wembamba wanaoruka na kujizungusha hewani kama pia, huwinda usiku kwenye maji ya kina kirefu, na asubuhi huingia katika ghuba zenye maji machache na mchanga mweupe, ambako papa akija huonekana kwa urahisi. Hapo ndipo wanapopumzika. Usingizi wao haufanani na wetu: pomboo hupumua kwa kukusudia, kwa hiyo akilala fofofo angezama na kufa, na ndiyo sababu nusu moja ya ubongo wake hulala huku nyingine ikikesha. Kwa macho yetu, kundi lililolala huonekana kama kundi lililo macho. Mtazamaji makini ataona tu kwamba wamesongamana, wanakwenda polepole, na wanazama pamoja na kuibuka pamoja bila kuruka. Ukiona hivyo, umeingia chumbani mwa watu.

Mashua moja ikiwaamsha mara moja, pengine si neno. Ila mashua sita, kila asubuhi ya msimu mzima, zinawanyang'anya mapumziko ambayo ndiyo yanayowawezesha kuwinda usiku na kunyonyesha. Serikali kadhaa zimelichukulia jambo hili kwa uzito. Katika Hawaii, kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2021 inakataza mtu kuogelea na pomboo hao wanaojizungusha, au kuwasogelea kwa umbali unaopungua takriban mita 45, ndani ya maili 2 za baharini kutoka visiwa vikuu. New Zealand nayo ilipiga marufuku mwaka 2019 kuogelea na pomboo wenye mdomo kama shingo ya chupa katika Bay of Islands, baada ya idadi yao humo kushuka sana.

Hata hivyo sisemi kwamba pomboo hawachezi na mashua. Hucheza, tena sana. Mashua ikienda kwa mwendo usiobadilika, omo yake husukuma maji mbele, na pomboo huja wenyewe kulipanda wimbi hilo bila kujichosha, wakigeuka ubavu na kumwangalia kwa jicho moja mtu aliyeinama ukingoni. Nimewahi kulala kifudifudi kwenye omo nikasikia pumzi zao zikipasuka chini yangu, puh, puh, na matone yakanilowesha miwani. Tofauti yake na kisa chako ni nani aliyemwendea mwenzake.

Nahodha mwema huwakaribia kwa ubavu, akielekea upande wanakoelekea, kwa mwendo usioacha mkuki wa mawimbi nyuma; hawatokei kwa mbele wala hawafuati mkiani, na hawapiti katikati. Mwongozo wa Australia, ambao naona unafaa kuigwa popote, unaziweka mashua umbali wa mita 50 kutoka kwa pomboo na mita 100 kutoka kwa nyangumi, na hautaki zaidi ya mashua tatu ndani ya eneo la tahadhari, yaani eneo pana zaidi linalowazunguka ambamo mashua hutakiwa kwenda polepole. Wakianza kubadili njia kila mara, kuzama kwa muda mrefu zaidi, kupiga maji kwa mikia, au mama akijiweka kati ya mtoto na mashua, jibu limekwisha kutolewa: ni kuondoka taratibu.

Usimhukumu pomboo kwa uso wake. Lile tabasamu ni umbo la taya tu, na pomboo aliyekufa ufukoni hutabasamu vilevile. Kuhusu mwanao, mimi ningemweleza ukweli. Mtoto wa miaka tisa anajua vizuri maana ya kuamshwa kabla hajashiba usingizi.

SWALI: Mimi hulewa bahari hata kabla mashua haijatoka bandarini. Je, niache kabisa kwenda?
Mwenye tumbo jepesi

JIBU: La, usiache. Kulewa huko hutokea pale ambapo sikio la ndani linahisi kuyumba, ilhali macho yaliyokazia kitu cha ndani ya mashua yanasema umetulia. Kaa katikati ya mashua, karibu na nyuma, mahali ambapo mtikisiko ni mdogo, na uelekeze macho kwenye upeo wa bahari. Usisome simu. Usikae penye moshi wa mashine. Dawa zinazouzwa madukani humezwa dakika zipatazo 30 hadi saa moja kabla ya safari, kwa sababu ukishaanza kutapika hazisaidii sana. Nyingi huleta usingizi, na mjamzito au mwenye maradhi amwone daktari kwanza. Chagua safari ya asubuhi, na ule chakula chepesi, kwani tumbo tupu nalo ni adui.

SWALI: Baba yangu alikuwa mvuvi. Anasema kulipa fedha ili umtazame tu samaki mkubwa, kisha urudi, ni upuuzi. Nimjibu nini?
Mtoto wa mvuvi

JIBU: Mwanzie kwa adabu kwamba nyangumi si samaki: ana damu ya joto, na hunyonyesha. Halafu mwambie kwamba aliyeanzisha biashara hii alikuwa mvuvi mwenzake. Mwaka 1955, huko San Diego nchini Marekani, mvuvi mmoja alianza kuwapeleka watu kuwatazama nyangumi wa kijivu kwa dola 1 kila mmoja. Wakati huo mataifa mengi yalikuwa bado yanawawinda nyangumi kwa wingi. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga kura ya kusimamisha uwindaji wa kibiashara mwaka 1982, na usitishaji huo ukaanza kutekelezwa msimu wa 1985 na 1986.

Kisa kitakachomgusa, nadhani, ni cha visiwa vya Azores vya Ureno. Huko uwindaji wa nyangumi wa ambari uliendelea hadi miaka ya 1980, na juu ya vilima walikaa walinzi wenye darubini waliowaelekeza wawindaji mahali pumzi ilipoonekana. Uwindaji ulipokoma, vibanda vile havikubomolewa vyote. Hadi leo wako watu wanaokaa humo kutwa, wakiwaelekeza kwa redio manahodha wa mashua za watazamaji, kwa ujuzi uleule wa kusoma bahari.

Kwa hiyo usibishane na mzee, mchukue. Mkalishe mbele, mwambie awaangalie ndege wanapokusanyika na kupiga mbizi, nawe ukae pembeni yake na kamera. Nyangumi mwenye nundu akizama, huinua mkia, na madoa ya upande wa chini hayafanani na ya mwingine yeyote, kama alama za vidole vyetu. Picha safi ya mkia huo huwasaidia watafiti kumtambua akionekana tena, hata miaka mingi baadaye na upande mwingine wa bahari. Sijui mvuvi atakayekataa kuuliza huyo aliyemwona alitoka wapi.