Kabla hujabishana kuhusu kutu, lala chini ya gari

Nilipomtumia mama picha ya gari langu la kwanza la kizamani, alinipigia simu hapo hapo. Hakuuliza bei. Aliuliza, “Mwanangu, hilo gari liliungua?” Nikamweleza kwamba halikuungua, ndio mtindo wake. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia basi nisome dua kila ninapoliwasha.

Miezi minne baadaye niliyakumbuka maneno yake nikiwa nimelala chali chini ya gari hilo, tochi mkononi.

Lenyewe ni Ford Model A ya 1930, ya milango miwili. Paa lilikatwa likashushwa, boneti hakuna, madigadi hakuna, kutu imetanda toka kioo cha mbele hadi nyuma. Usukani ulitengenezwa kwa mnyororo uliochomelewa mpaka ukakakamaa, na kirungu cha gia kilikuwa fuvu. Injini ni V8 ya Chevrolet, lita 5.7. Nililinunua hapa Ohio mwaka 2016 kwa dola 6,500, fedha za kubeba maboksi ghalani usiku kwa karibu miaka miwili. Wamarekani huliita gari la namna hii ratirodi, rodi ya panya. Sisi tulishakuwa na neno letu, mkweche. Tofauti ni kwamba mkweche wa kwetu mwenyewe anauonea haya, na huu mwenyewe anaulipia ziada.

Upande wa pili kuna hotirodi ya asili. Ni gari lile lile la zamani, mara nyingi Ford, ila limejengwa kwa vipuri na mtindo ambao kijana wa California angeweza kuupata mpaka katikati ya miaka ya 1960. Watu wa asili hawataki kuona fuvu wala mnyororo. Nimeshuhudia mmoja akihamisha gari lake kwa sababu mkweche umeegeshwa ubavuni mwake. Na watu wa mkweche nao huwaita wenzao wazee wa makumbusho.

Vijana wa kwetu walioko huku, hasa wenye mikono ya ufundi, huniuliza niko upande gani. Niko na wa asili. Lakini sababu yangu si ile wanayoitoa wao wenyewe.

Kwanza niwape wa mkweche haki yao. Hotirodi ilianza kama gari la mtu asiye na kitu. Ford ilitengeneza Model T zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927, kisha ikaongeza Model A karibu milioni 5, kwa hiyo kufika miaka ya 1930 yalikuwa yamezagaa kwenye yadi za vyuma chakavu. Vijana wa kusini mwa California waliyachukua kwa bei ya kutupa, wakang'oa kila kisichosaidia kwenda mbio, wakaenda kushindana kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Mwaka 1932 Ford ikaleta V8 ya bei nafuu yenye nguvu za farasi 65, na hapo ndipo moto ulipokolea. Vita vilipoisha mwaka 1945, askari walirudi na ufundi wa jeshini na visenti mfukoni. Mwaka 1948 likaanza jarida la Hot Rod, na 1949 wakaanza kukimbizana kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville kule Utah.

Kufika miaka ya 1980, mchezo ulishahamia kwa wenye nazo. Mafundi wakubwa kama Boyd Coddington walikuwa wakitoa magari laini kama yai, alumini iliyochongwa kwa mashine, rangi tabaka juu ya tabaka. Mazuri, sitadanganya. Lakini mengine yaliletwa kwenye maonyesho juu ya trela na kurudishwa juu ya trela, na fundi wa kawaida alibaki mtazamaji. Mkweche ulikuja kuijibu dharau hiyo. Neno lenyewe lilianza kama kejeli, na wengi humtaja Gray Baskerville, mwandishi wa jarida hilo la Hot Rod, kuwa ndiye aliyelitia midomoni mwa watu. Waliotukanwa wakalivaa tusi lao kifuani. Nawaelewa. Bila wao mimi nisingepata pa kuingilia.

Ila wanaposema kwamba wao ndio wanaorudisha siku za mwanzo, hapo nakataa. Tazama picha za mwaka 1950. Gari la praima, yaani rangi ya msingi peke yake, unaliona, ndiyo, lakini praima ilikuwa kituo cha kungojea mshahara ujao. Hakuna kijana aliyetaka kutu. Mwaka huo huo wa 1950, kwenye maonyesho ya Oakland, tuzo ya kwanza ya gari la wazi zuri kuliko yote Marekani ilikwenda kwa Bill NieKamp na Ford yake ya 1929, imepakwa rangi safi kabisa. Na halikuwa pambo la sebuleni: baadaye lilikimbia El Mirage zaidi ya maili 140 kwa saa.

Isitoshe, kutu yenyewe ilikuwa adimu kule kwenye ukame wa California. Hapa Ohio barabara hunyunyiziwa chumvi ya kuyeyusha barafu kila majira ya baridi, na chumvi hula chuma. Kazini kwangu Jumatatu hadi Ijumaa nakata kutu kwenye vizingiti vya magari ya watu, halafu Jumamosi nilikuwa naenda kujivunia ya kwangu. Mke wangu alilisema hilo mapema. Mimi lilinichukua muda.

Sasa turudi chini ya gari.

Nilisimama kituo cha mafuta, njia ya kutoka Columbus kwenda mashariki. Wakati wa kukata kona nilikuwa nimesikia *tak* moja kavu nyuma yangu, nikaipuuza. Mzee mmoja aliyekuwa anajaza lori lake alikuja kutazama gari, kama watu wanavyofanya siku zote. Akalizunguka bila kusema neno, kisha akaniuliza, “Kijana, umewahi kulala chini ya hili gari?”

Nimejifunza kuchomelea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Nimenyoosha bodi za magari yaliyopinduka. Na nilikuwa sijalala chini ya gari langu mwenyewe hata siku moja, maana nilishaipenda sura yake kabla sijashuka kwenye basi kwenda kulitazama. Mzee akanipa tochi.

Chesisi ya gari hili, ile fremu ya chini inayobeba bodi, ilikatwa nyuma ikapandishwa ngazi, umbo la herufi Z, ili ekseli ikae juu na bodi ikae chini. Ni njia ya zamani na haina ubaya, ila uzito wote wa nyuma unapita kwenye ile pembe. Aliyelijenga aliunganisha chuma ukingo kwa ukingo, bila kibao ndani, bila pembetatu ya kushikilia kona. Kisha akasaga mchomo kwa grenda mpaka ukalingana na chuma, akapaka rangi nyeusi. Ungesema ni kipande kimoja. Katikati ya hiyo rangi nyeusi kulikuwa na mstari mwembamba, wekundu wake kama wa hina iliyoanza kufifia. Mzee aliuweka ukucha, ukucha ukaingia.

“Hapo usiendeshe tena hata mita moja,” akasema. Likaondoka juu ya trela, kama yale ya matajiri.

Bosi wangu wa Gerezani alikuwa na msemo: puti haibebi mzigo. Alimaanisha bodi iliyojazwa puti badala ya kunyooshwa, lakini mchomo uliosagwa ni puti ile ile kwa jina jingine. Unapousaga unapunguza chuma kilichokuwa kikushikilie, na unamficha macho atakayekuja kununua.

Yule mzee tumekuwa marafiki. Karakana yake ni banda la mbao, ndani mna Ford ya 1929 ya wazi aliyoijenga kwa miaka mingi. Siku ya kwanza alifunga uzi toka ukingo wa chini wa rimu ya mbele kushoto hadi rimu ya nyuma kulia, kisha akarudia upande mwingine. Hakuna kitu chochote kwenye gari lake kilichoshuka chini ya uzi. Tairi zote zikiisha upepo, gari litakaa kwenye rimu na kuteleza. Tulipofanya hivyo kwenye mkweche wangu, kishikio cha springi ya mbele kilining'inia vidole viwili chini ya uzi. Tairi ingepasuka nikiwa kwenye kasi, kile chuma kingejichimbia kwenye lami.

Hapo ndipo nilipowaelewa watu wa asili. Wao wenyewe watakuambia habari za kuheshimu enzi, tairi sahihi, taa sahihi, vifungo sahihi. Hayo ni mapambo ya hoja. Kilicho muhimu ni kwamba mtindo wao umebeba makosa ya watu waliotangulia na namna yalivyorekebishwa. Ford ilibaki na breki za vyuma na waya hadi 1938, ikaanza breki za mafuta 1939. Vijana hawakusubiri: walizing'oa kwenye magari ya 1939 wakazifunga kwenye ya 1932. Leo ukifunga breki za 1939 unasifiwa kwa kufuata mila, na mila hiyo ilianza kwa sababu watu walitaka kusimama. Nyuma ya kanuni nyingi za namna hii kuna mtu aliyeumia. Anayejenga mkweche kwa kutazama picha tu anapata kutu na fuvu, hizo kanuni zinabaki nje ya picha.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue lipi, nitakuuliza kama una turubai la kulalia. Ohio haina ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari ya watu binafsi, na yako majimbo mengine kama hili. Maana yake mkaguzi ni wewe. Anza na chesisi. Mchomo mbaya unaoonekana ni afadhali kuliko mchomo mzuri usioonekana, kwa sababu ule wa kwanza unaweza kubishana nao. Kisha stelingi: kila nati ya kwenye mkono wa stelingi iwe na pini yake ya kufungia, na tazama vichwa vya bolti. Mistari sita ni bolti ngumu, mitatu ni ya wastani, na kisicho na mstari kabisa kirudi kwenye kitanda cha mbao kilikotoka. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho wa namba ya kiwandani, wiki na mwaka. Mikweche mingi husimamishwa juu ya tairi zenye umri wa kwenda shule.

Kutu igonge kwa mpini wa bisibisi. Ikilia ngo, ni ya juu juu. Ikinyamaza, hapo hapana chuma.

Tangi la mafuta lililotengenezwa kwa pipa la bia huchekesha kwenye maonyesho. Uliza kama ndani lina vigawanyo vya kuzuia mafuta yasiyumbe na kama lina tundu la kupumulia. Muuzaji akianza kukuhadithia lile pipa lilitoka baa gani, nenda zako.

Na jambo moja kwa watakaochomelea wenyewe, nimeliona na linanitisha: usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini halafu ukakichoma. Joto huigeuza kuwa fosjini, gesi ya sumu iliyotumika kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Tumia asetoni, iache ikauke, kopo lifunge na uliweke mbali na cheche.

Watu wa asili nao wana ukaidi wao. Yule mzee alitaka niondoe V8 ya Chevrolet niweke ya Ford ya kizamani, ile ambayo vali zake ziko ubavuni mwa silinda. Nilikataa. Moshi wa injini ile hupita ndani ya bloku kabla ya kutoka, kwa hiyo inapenda kuchemka, na bloku nyingi zilizobaki zimepasuka. Ukoo wa V8 ndogo za Chevrolet ulianza 1955, umo ndani ya enzi yao wenyewe, ingawa lita 5.7 kama yangu ilikuja baadaye kidogo, na vipuri vyake viko kila duka. Vilevile nimefunga pampu ya breki yenye njia mbili, ili njia moja ikivuja nyingine ishike. Mwaka 1955 haikuwepo kwenye magari kama haya. Iko chini ya sakafu, mzee haioni, na akiiona atasema atakalo.

Chesisi tuliikata na kuijenga upya majira yote ya baridi, vibao ndani, pembetatu kwenye kona, mchomo umeachwa kama ulivyotoka. Gharama ilikaribia nusu ya bei niliyonunulia. Usukani wa mnyororo umeng'olewa, umekuja wa Ford ya 1940. Fuvu nimempa mwanangu. Kutu nimeikwangua yote na kupiga praima nyekundu, maana fedha ya rangi ilikwenda kwenye breki.

Nikamtumia mama picha mpya. Alipiga simu jioni ile ile. “Afadhali,” akasema. “Lakini mbona rangi haijaisha?”

“Bado, mama. Mwezi ujao nanunua tairi.”

“Na baada ya tairi?”

Nikamwambia baada ya tairi kuna nyaya za umeme.