Maswali ya Wasomaji: Hivi Rembrandt alifilisika kwa nini?

SWALI: Shikamoo. Huku chuo tumefundishwa kwamba Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi wa zamani, alichora ile picha ya Walinzi wa Usiku, wenyewe waliochorwa wakaikataa kwa sababu wengine sura zao ziko gizani, na toka hapo kazi zikakata akafa masikini. Mwenzangu anabisha, anasema ni stori tu. Nani yuko sahihi? Na kweli aliwahi kuchora watu weusi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwenzako ndo yuko sahihi na nimefurahi amebisha, maana hii stori imesambaa sana na inamuonea yule mzee.

Ile picha aliimaliza 1642, ni mgambo wa Amsterdam na kapteni wao Frans Banninck Cocq, na hela walilipa. Tunajua kwa sababu baadaye sana, wakati wanahesabu mali ili wajue urithi wa mtoto wake Titus, baadhi ya hao hao mgambo walitoa ushahidi kwamba kila mmoja alichanga kama gilda 100 (gilda ni hela ya Uholanzi ya wakati ule), wengine zaidi wengine pungufu, inategemea amewekwa wapi kwenye picha, jumla gilda 1,600. Ikatundikwa kwenye ukumbi wao ikakaa humo zaidi ya miaka 70, sasa picha iliyokataliwa inatundikwaje? Hata huo usiku haupo, ni mchana, vanishi tu ilikuwa imeingia giza.

Kilichommaliza ni nyumba. 1639 alinunua nyumba kubwa mtaa wa Jodenbreestraat kwa gilda 13,000, hela yote hana, akakubali kulipa kidogo kidogo, halafu akawa anaishi kama mtu asiyedaiwa, kila mnada yumo, ananunua picha za Waitaliano, silaha za zamani, makombe ya baharini, vichwa vya sanamu za Kirumi. 1642 hiyo hiyo mke wake Saskia akafariki, Titus hajatimiza hata mwaka, na wosia ukasema Rembrandt akioa tena haki ya kutumia mali ya marehemu inapotea. Simtetei kwa kila kitu lakini, alivyomfanyia Geertje Dircx aliyekuwa yaya wa Titus, mpaka yule mama akafungiwa kwenye nyumba ya kurekebisha tabia kule mji wa Gouda, ulikuwa ukatili.

Miaka ya 1650 aliyemuuzia nyumba akataka chake, Rembrandt akakopa huku kulipa kule, na 1656 akasalimu amri mbele ya sheria kwamba kafilisika. Karani akapita chumba kwa chumba akaandika vitu 363, vyote vikaenda mnadani, nyumba nayo ikauzwa 1658. Akahamia Rozengracht na Hendrickje Stoffels, mwanamke aliyekuwa anaishi naye, na 1660 Hendrickje na Titus wakafungua kampuni ya kuuza picha, Rembrandt akawa kama mwajiriwa wao, ili wadai wasiguse kazi zake mpya. Na hapa ndo nataka muelewe jamani, kazi hazikukata! Picha ya wakaguzi wa vitambaa aliichora 1662, ile ya Bibi Harusi Myahudi ikaja miaka michache baadaye, rangi imepakwa nene mpaka mkono wa gauni unang'aa kama dhahabu, na mimi naona hajawahi kuchora vizuri kuliko hiyo miaka. Hendrickje alikufa 1663, Titus 1668, yeye mwenyewe 4 Oktoba 1669.

Watu weusi aliwachora, tena vizuri. Kuna picha ya Waafrika wawili ya 1661, ipo kwenye jumba la makumbusho la Mauritshuis mjini The Hague, mmoja ameegemeza kichwa karibu na bega la mwenzake, nyuso za watu kabisa, hakuna dhihaka. Na hakuwatoa mbali, pale Jodenbreestraat na mitaa ya jirani waliishi watu weusi huru, wengi mabaharia na wake zao. Itafuteni kwenye tovuti ya Mauritshuis, muivute karibu muone macho yao.