Kuendesha gari kuwapita wavamizi: sheria inaruhusu, kwa mipaka

Dereva aliyezingirwa na watu wenye mapanga anaruhusiwa kuliondoa gari kwa nguvu, hata kama mmoja wao anaweza kuumia, mradi hatari iwe ya kweli, iwe inamkabili wakati huohuo, na nguvu anayotumia isizidi inayohitajika kumtoa pale. Msingi wake ni vifungu vya 18 hadi 18C vya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, vinavyotambua haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali. Lakini kifungu cha 18B kinaeleza kwamba anayesababisha kifo kwa nguvu iliyopita kiasi ana hatia ya kuua bila kukusudia. Kwa hiyo, mvamizi akishakimbia au gari likishapata upenyo, kugeuza ili kumgonga si kujilinda tena.

Kwetu tunaotumia barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, mkoani Kigoma, naamini uamuzi mkubwa hufanyika mapema zaidi: milango iwe imefungwa kwa loki, na unaposimama nyuma ya lori uache nafasi ya kutosha kulikwepa bila kurudi nyuma. Tairi likipasuliwa, endelea taratibu hadi penye watu, kwani rimu hununuliwa, uhai haununuliwi. Hata hivyo, ikiwa bunduki imeshaelekezwa dirishani na wanataka gari tu, wape. Ukishakuwa salama piga 112, kisha uandikishe maelezo katika kituo cha polisi kilicho karibu, hasa ikiwa kuna mtu uliyemgonga.