Maswali na Majibu: Mawe ya kwenye pipa yamefikia kung'arishwa?

SWALI: Nina mashine ya kubingirisha mawe yenye pipa la ratili 3. Nimesaga akiki na yaspi wiki tatu, kila wiki msasa (unga wa chembe za kusagia) laini zaidi. Yakiwa na maji yalimeremeta, nikatia unga wa kung'arishia. Baada ya siku saba yametoka na ukungu kama yamepakwa maziwa. Ningejuaje kwamba hayakuwa tayari?
— Msomaji, Arusha

JIBU: Maji ndiyo yaliyokudanganya. Yanajaza mikwaruzo midogo, na hata kokoto ya barabarani ikilowa hupendeza. Jiwe huamuliwa likiwa kavu, na uamuzi huo ufanyike kabla ya kufungua kopo la unga wa kung'arishia, kwa sababu unga huo haufuti mikwaruzo. Kazi yake ni kung'arisha uso ulio laini tayari.

Msasa namba 500, ule wa mwisho kabla ya kung'arisha (namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo), ukimaliza siku zake, toa mawe sita hivi, yasugue kwa mswaki na sabuni, uyafute na kuyaacha yakauke kabisa. Yenye nyufa yape saa kadhaa, maana hushika unyevu. Kisha geuza moja moja taratibu chini ya taa. Jiwe lililoiva lina mng'ao hafifu kama wa hariri, na mara nyingi utaona juu yake umbo la taa, ingawa kingo zake hazionekani sawasawa. Likiwa jeupe kama limepakwa chaki, bado.

Sasa shika lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona mistari iliyonyooka, hiyo imeachwa na msasa namba 120/220. Rudisha kwenye namba 500 kwa siku nne hadi saba. Alama zilizopinda kama za kucha ni za mawe kugongana: pipa halikujaa vya kutosha. Lijaze theluthi mbili hadi robo tatu, ukiongezea vipande vidogo vya kauri. Alama hizo zikiwa za kina, usipoteze muda na namba 500, rudi nyuma zaidi. Jiwe lenye vishimo litenge hata kama ni zuri mno, kwa kuwa vishimo huficha chembe za msasa na kuzimwaga baadaye kwenye hatua ya mwisho. Chembe chache tu zatosha kuharibu pipa zima.

Ukibaki na shaka, lowesha kipande cha jinzi au ngozi, tia unga kidogo wa kung'arishia, usugue sehemu moja ya jiwe kwa nguvu dakika moja au mbili. Pakianza kung'aa, endelea.

Kwa mawe yako tunashuku mambo mawili. Kwanza, wiki moja ya msasa wa kwanza wenye chembe kubwa, namba 60/90, ni chache kwa akiki. Mara nyingi huhitaji wiki mbili hadi nne, ukibadilisha msasa kila wiki kwa kuwa chembe zake huvunjika na kuacha kukata. Pili, chembe za hatua ya awali huenda zilibaki pipani. Hupenda kujificha kwenye ukingo wa mfuniko na mikunjo ya mpira. Osha hapo kuliko popote, na ukiweza tenga pipa moja la kung'arishia tu. Tope usilimwage kwenye sinki: huganda bombani kama saruji.

Yakishapita, tia vijiko vinne vya chakula vya unga wa kung'arishia (oksidi ya alumini), maji yafike chini kidogo ya mawe ya juu, na uiache mashine siku saba.

SWALI: Na jiwe la Longido, lile la kijani lenye rubi ndani? Naweza kulichanganya na akiki?

JIBU: Hapana. Rubi ina ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs (cha ugumu wa madini, 1 hadi 10) na akiki hufika takriban 7, kwa hiyo rubi itaikwaruza. Lisage peke yake. Hata hivyo zoisaiti, yaani ile sehemu ya kijani, yenye ugumu wa 6 hadi 7, italika kwanza na rubi itabaki imeinuka, pengine bila mng'ao. Usiisubiri rubi. Angalia kijani: kikishakuwa na ule mng'ao wa hariri kikiwa kikavu, anza kung'arisha, maana kila wiki ya ziada kwenye msasa huzidisha mabonde kuizunguka rubi.